Mechi ya medali tuliyoicheza bila kujua

Juu ya kitanda cha msichana mmoja hapa Walukuba, Jinja, Uganda, kuna msumari, na kwenye msumari huo inaning'inia medali ya shaba yenye utepe wa buluu uliokwisha kufifia. Kabla ya kufika hapo ilikaa miezi mingi chini ya uvungu, ndani ya mfuko uliokuwa wa mukene, dagaa wetu wa ziwani, kwa sababu mwenyewe aliikataa. Nataka kueleza alivyoikataa, maana kosa lilikuwa langu.

Mimi ni seremala. Natengeneza vitanda, milango na viti vya kanisa. Mpira wa meza niliujua utotoni, kwenye ukumbi mmoja wa zamani ambako wakubwa walicheza jioni nasi watoto tukiokota mipira. Walukuba ni mtaa uliojazwa na viwanda na reli. Kuna Mwacholi, Mteso, Msamia, Mjaluo, Mlugbara, wote kwenye mstari mmoja wa nyumba, na hapa mtoto akipigwa hulia kwa Kiswahili. Nilipoona vijana wanakaa tu mchana kutwa nikaamua kuwatengenezea meza, niiweke nyuma ya karakana yangu. Sikuwa na nia ya kuwa kocha. Ukocha ulinijia kama vumbi la mbao, nikashtukia umenijaa.

Meza rasmi ina urefu wa sentimita 274, upana 152.5, na inasimama sentimita 76 kutoka sakafuni. Plaiwudi tunayonunua ni futi nane kwa nne, yaani upana wake ni kama sentimita 122. Hesabu haikubali. Kila nusu ya meza ilinibidi niiunge kipande cha sentimita thelathini pembeni, na hata uwe fundi wa namna gani, kiungo ni kiungo. Kanuni inataka mpira ukiangushwa kutoka sentimita 30 uruke hadi kama 23. Nilipima kwa rula: katikati ya meza yangu 23 safi, kwenye kiungo 18, na pahali pengine mpira ulikufa kabisa kama umeangukia godoro.

Watoto hawakulalamika. Walikariri mahali kilipo kiungo, wakakigeuza silaha. Bingwa wa kiungo alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu ambaye nitamwita Kadogo tu, jina la nyumbani. Mama yake hukausha mukene kule Masese, mwaloni. Kadogo aliweza kuutua mpira kwenye kiungo mara saba katika kumi, nasi tukapiga makofi, mimi nikiwa wa kwanza. Nilidhani nimepata kipaji. Kumbe nilikuwa namfundisha kulenga kasoro ya mbao zangu.

Hilo lilijitokeza siku tulipokwenda Kampala kwenye mashindano ya vijana yaliyoalika klabu za nchi jirani. Tuliondoka Jinja alfajiri kwa taksi, watoto wanne na mimi, tukavuka daraja jipya la Mto Nile kabla jua halijatoka, tukapita msitu wa Mabira watoto wamelala wakiegemeana. Ukumbini meza zilikuwa za kiwandani, buluu, hazina kiungo. Mechi ya kwanza ya kundi Kadogo alipigwa. Mipira yake ilikwenda palepale ilipozoea kwenda, pembeni upande wa kulia, lakini pale hapakuwa na kitu. Mpira uliruka vizuri tu, na mwenzake akaurudisha bila wasiwasi. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyefika kwake akakuta nyumba imehamishwa.

Nilimwambia apige katikati, kwenye kiwiko cha mpinzani, pale ambapo mtu hukosa kujua atumie mkono wa mbele au wa nyuma. Ndiyo mbinu pekee ya maana niliyotoa siku ile. Akashinda mechi mbili zilizobaki za kundi, akashinda na hatua ya kumi na sita bora.

Robo fainali ikaja kabla ya saa sita mchana. Naikumbuka vibaya, na aibu yangu inaanzia hapo, kwa sababu nusu ya mechi ile nilikuwa nazungumza na kocha wa Busia juu ya wapi tutapata chapati za bei nafuu. Kwangu robo fainali ilikuwa hatua ya kupita tu. Kadogo alikuwa akicheza na msichana wa klabu ya mjini, mwenye viatu vya kazi hiyo na raketi mbili ndani ya mkoba. Seti zikawa mbili kwa mbili. Ya tano ikafika kumi kwa kumi, na hapo ndipo niliposahau chapati. Kadogo akapata kumi na moja. Mpira uliofuata ulikwenda mrefu, mimi mwenyewe nikaona umetoka, kumbe uligusa ukingo wa meza ukateleza chini. Yule mwenzake hakuwa na la kufanya. Kadogo akainua mkono kuomba radhi, kama ilivyo desturi ya mchezo huu mtu akipata pointi ya bahati, na refa akatangaza kumi na mbili kwa kumi.

Tukashangilia kidogo. Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka neno kwa neno: "Sasa ukishinda inayofuata, una medali."

Hakushinda inayofuata. Alipigwa seti tatu bila, haraka mno, na binti aliyekuwa anazungusha mpira kwa namna ambayo Walukuba hatujawahi kuiona. Akatoka ameuma midomo. Nikamfariji kwa uhakika wote wa mtu asiyejua: "Usijali. Kuna mechi ya mshindi wa tatu. Usile kitu kizito, usikae, ruka kamba."

Akaruka kamba. Wenzake wakala chapati, yeye akanywa maji. Saa nzima ikapita, fainali ikachezwa, tukatazama. Kisha wakaja vijana wakaanza kukunja meza. Nikamkimbilia refa mmoja, mama wa makamo kutoka Kisumu, nikamuuliza mechi ya mtu wa tatu itachezwa wapi ikiwa meza zinaondolewa.

Alinitazama kwa upole ulioniumiza. "Mwalimu, hakuna mechi hiyo. Mchezo wetu huu, wote wawili wanaotoka nusu fainali wanapata shaba. Hata mashindano ya dunia ni hivyo. Olimpiki ndiyo wenye mechi ya tatu, na hata wao Barcelona 1992 walitoa shaba mbili."

"Kwa hiyo binti yangu..."

"Binti yako ana shaba tangu saa sita. Alipomaliza robo fainali alikuwa ameshaishika."

Wakati huohuo kipaza sauti kikaita majina mawili. Kadogo alisikia lake akabaki amesimama na kamba mkononi. Nikamwambia nenda. Akasema, "Fundi, nimepigwa tatu bila. Medali ya nini? Ya pole?" Nilimsukuma begani kidogo, akaenda. Picha ipo: wasichana wanne jukwaani, watatu wanacheka, mmoja amegeuza medali kifudifudi kifuani.

Njiani kurudi tulisimama Namawojjolo kama kila mtu. Wauzaji wakaingiza gonja, zile ndizi za kuchoma, na mishikaki ya kuku madirishani, nami nikanunua zaidi ya uwezo wangu. Kadogo alikula kimya. Nyumbani mama yake aliuliza swali moja: "Walipewa wawili?" Nikasema ndiyo. "Na huyo mwingine ni nani?" Kadogo hakujua. Kwa kweli hata mimi sikujua. Tulikuwa tumesimama kando ya mtoto aliyepata kitu kilekile na hatukumuuliza jina. Medali ikaingia kwenye mfuko wa mukene, mfuko ukaingia uvunguni.

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia maneno ya refa mara tatu nne. Hayakuingia, na namuelewa: mtu aliyekuambia ruka kamba kusubiri mechi isiyokuwepo, utamwamini vipi akikuletea kanuni nyingine kesho yake?

Aliyeanza kumfungua ni mzee jirani yetu, askari mstaafu, mpenzi wa ndondi tangu zile enzi. Siku moja alikuja karakanani kutengenezewa mguu wa kiti, akasikia mjadala. Akasema, "Mnabishana nini? Medali za kwanza kabisa za Olimpiki za Uganda ni za Mexico 1968, mbili, zote za ngumi. Eridadi Mukwanga fedha, Leo Rwabwogo shaba. Unafikiri Rwabwogo alipigana mechi ya tatu? Alitolewa nusu fainali, akapewa shaba, yeye na Mbrazili. Nani Uganda aliwahi kumwambia kuwa ni ya pole? Miaka minne baadaye, Munich, akarudi na fedha."

Kadogo hakujibu, lakini niliona amesimamisha raketi.

Nafikiri sisi Waganda riadha imetuzoesha vibaya. Medali tunazijua kwa mbio: Akii-Bua 1972, Chemutai, Cheptegei. Kwenye mbio wa tatu anakimbia na kumwacha wa nne, unaona kwa macho. Mkimbiaji hapewi shaba baada ya kushindwa, anaipata akivuka mstari. Kwenye meza au ulingoni picha ya mwisho ya mtu wa shaba ni picha ya kupigwa, na picha hiyo ndiyo anayokwenda nayo nyumbani.

Kisha ikaja Mei 2023, mashindano ya dunia ya mpira wa meza Durban. Afrika haikuwa imeyapata tangu Cairo 1939. Kwetu kulikuwa na faida nyingine ndogo, ya saa. Durban iko nyuma yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo kwa mara ya kwanza sikulazimika kukesha. Tulichanga hela ya bando, tukaegemeza simu yangu kwenye randa, watoto wanane wakajipanga mbele yake.

Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimechora ratiba nzima kwa chaki kwenye ubao mpana wa mvule, na pale kwenye robo fainali nikapiga mstari mwekundu. Nikawaambia: anayeruka mstari huu ana medali, hata akipigwa kesho.

Na ikatokea mechi ambayo mpaka leo karakanani inaitwa "ile ya ishirini na moja". Robo fainali ya wanawake, Hina Hayata wa Japani dhidi ya Wang Yidi wa China. Seti tatu kwa tatu. Ya saba, inayopaswa kuisha kwenye kumi na moja, haikuisha. Mchezo ukifika kumi kwa kumi mtu lazima aongoze kwa pointi mbili, na hawa kila mmoja alikataa kumwachia mwenzake ya pili. Wang alikuwa na nafasi ya kumaliza mara tisa. Mara tisa pointi moja tu ilimtosha, na Hayata akaizima kila mara. Kadogo alikuwa anachora vistari kwa msumari kwenye kipande cha mbao, kimoja kwa kila nafasi. Ikaisha 21 kwa 19, Hayata ameshinda, amejifunika uso.

Mtoto mmoja akauliza, "Sasa kesho anacheza na nani?" Kadogo akamjibu bila kugeuka, "Kesho siyo kazi. Huyo ana shaba sasa hivi."

Hayata alitolewa nusu fainali na Sun Yingsha, akapanda jukwaani kupokea shaba pamoja na Chen Xingtong wa China. Sun akachukua dhahabu kwa kumfunga Chen Meng. Kwa wanaume Fan Zhendong alimfunga Wang Chuqin, na shaba zote mbili, Ma Long na Liang Jingkun, nazo zikabaki China. Dhahabu zote tano za Durban zilikwenda China. Watoto walichoka kabla ya mwisho. "Fundi, hii ni mashindano ya dunia au ya kijiji chao?" Nilicheka, lakini nilijua ubao wangu ungeonyesha medali peke yake wangekuwa wameshaondoka. Ni ile mechi iliyowaweka pale, na ile mechi kwenye jedwali la medali inaonekana kama tarakimu moja tu chini ya Japani.

Wiki hiyohiyo mama yake Kadogo alinikuta njiani akaniuliza kama nina msumari wa inchi mbili.

Paris 2024 ikatuletea upande wa pili. Hayata huyohuyo, akatolewa nusu fainali na Sun Yingsha huyohuyo, lakini Olimpiki haina huruma ya shaba mbili. Ilimbidi arudi mezani dhidi ya Shin Yubin wa Korea Kusini, mkono anaochezea ukiwa umeumia. Akashinda seti nne kwa mbili, akalia, na Shin akazunguka meza akamkumbatia. Kadogo alisema hii shaba ni nzito zaidi. Mimi nikasema ya Durban ndiyo nzito, ile ya vistari tisa. Tulibishana hadi giza likaingia na hatujamaliza mpaka leo.

Kwa wanaume tuliona ubaya wake. Hugo Calderano wa Brazil alitolewa nusu fainali na Truls Möregårdh wa Sweden, kisha akapoteza na mechi ya shaba mbele ya kijana wa Ufaransa, Félix Lebrun. Wa nne, mikono mitupu. Fan Zhendong akachukua dhahabu, Möregårdh fedha. Calderano angekuwa Durban na matokeo yaleyale angerudi na shaba, na Lebrun pia. Mwaka uliofuata, Doha, Calderano akafika fainali ya dunia akapata fedha nyuma ya Wang Chuqin, nami nilifurahi kama ndugu yangu.

Huyo Wang ndiye watoto wangu wanampenda kuliko wote, na siyo kwa sababu ya dhahabu. Paris, baada ya kushinda wawili mchanganyiko, mwanaume na mwanamke, pamoja na Sun, wapiga picha walimvunjia raketi katika kusukumana, naye akaingia kwenye mechi za mmoja mmoja akiwa na raketi ya akiba, akatolewa mapema na Möregårdh. Watoto wa Walukuba wanaochangia raketi tatu kwa watu wanane waliielewa habari hiyo kuliko nilivyotegemea.

Ubao wangu wa mvule siku hizi unaanzia kumi na sita bora. Nikiandika Rio 2016 naandika Quadri Aruna wa Nigeria alivyomtoa Timo Boll akafika robo fainali, Mwafrika wa kwanza kufika hapo Olimpiki, mpaka Ma Long alipomzuia. Nikiandika Paris naandika Omar Assar wa Misri, robo fainali naye. Ukisoma medali tu, Afrika ni sifuri, na mtoto anaiona sifuri kila siku bila mimi kumsaidia. Meza nayo nimeibadilisha: kiungo nimekihamishia katikati, chini ya mstari mweupe. Mpira bado unakufa pale, ila sasa ni kasoro ya wote.

Laiti ningeishia hapa ningeonekana nimejifunza kila kitu. Lakini mwaka jana tulirudi Kampala, Kadogo sasa ana urefu wa kunizidi na bado tunamwita Kadogo, akafika tena robo fainali. Safari hii sikuzungumza na mtu juu ya chapati. Nilikaa kwenye kiti cha kocha nyuma ya uzio, daftari mkononi, na kabla hajaingia nikamwambia kile nilichokosa kumwambia mara ya kwanza: "Hii ndiyo mechi ya medali. Ndiyo hii."

Akapigwa tatu kwa moja. Mkono ulikuwa mzito tangu pointi ya kwanza. Alianzisha mpira ukagonga wavu mara mbili mfululizo, jambo ambalo hajalifanya tangu ana miaka kumi na moja. Mara ya kwanza alicheza pointi ya mwisho ya medali akidhani ni mechi ya kawaida, akapiga mpira mrefu bila woga ukagusa ukingo. Mara hii alijua, na mipira yote ilikuwa mifupi.

Alitoka, akajifuta uso, akakaa karibu nami.

"Fundi, ungeninyamazia tu."

Sikuwa na jibu. Nikafungua daftari nijaze matokeo, akaninyang'anya kalamu akajaza mwenyewe, jina la mwenzake kwanza. Kisha akataka kujua chapati za mara ile tulinunua wapi. Tulizifuata nje ya geti, tukarudi nazo kutazama nusu fainali. Wasichana wanne walikuwa wanapasha misuli, wawili kila meza, nyuso zimekunjamana kwa hofu. Kadogo alitafuna akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Wote hao wameshapata," akasema. "Waangalie wanavyoogopa."